Choo cha mbwa ndani ya nyumba: mnunuzi si mtumiaji

Mada ya hifadhidata niliyowaahidi itangoja wiki ijayo. Leo nataka tuzungumze kuhusu choo cha mbwa. Ndiyo, umesoma sawasawa :-)

Sababu ni kwamba swali hili naulizwa mara nyingi na marafiki wanaoishi ghorofani hapa Nairobi. Mtu amenunua mtoto wa mbwa, labda Japanese Spitz au Maltese, anaishi ghorofa ya tano huko Kilimani au Ruaka, lifti inafanya kazi siku inayotaka yenyewe, na kilebu anakojoa popote. Basi ananiuliza: "Wewe ni mtu wa tarakilishi, hebu niambie ninunue choo kipi cha ndani?" Mara nyingi huwa ameshaona kwenye intaneti mashine yenye mota, vihisi na programu ya simu, na anachotaka kwangu ni kuungwa mkono tu.

Mimi simuungi mkono. Maoni yangu ni kwamba choo cha mbwa kichaguliwe kwa kuangalia nyayo za mbwa na mikono ya mtu atakayekisafisha. Ukichagua kwa umaridadi, kwa programu ya simu au kwa sifa za tangazo, utakuwa umenunua kitu cha kukufurahisha wewe kwa wiki mbili, halafu kilebu atarudi kwenye zulia.

Na hasara yenyewe haiishii kwenye zulia. Mbwa asiyejua pa kwenda haja hupigwa, hufungwa roshanini mchana kutwa, hupewa mtu yeyote mwenye shamba, au huachwa barabarani usiku. Majirani hulalamika, keateka hupanda ngazi kuja kugonga mlango, mwenye nyumba huandika notisi. Yote hayo kwa jambo ambalo kilebu angejifunza kwa wiki chache kama angepewa choo anachokielewa.

Mnunuzi na watumiaji wawili

Sisi tunaotengeneza programu tuna ugonjwa mmoja tunaoujua vizuri. Mfumo wa ofisi hununuliwa na mkurugenzi lakini hutumiwa na karani. Mkurugenzi huonyeshwa skrini yenye rangi na grafu, hupendezwa, hutia sahihi. Karani haulizwi. Miezi sita baadaye karani amerudi kwenye daftari lake la karatasi, na mfumo umebaki kuwa pambo.

Choo cha mbwa ni vivyo hivyo. Anayelipa kwa M-Pesa ni wewe. Watumiaji ni wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa. Wa kwanza ni kilebu, ambaye hukipima choo kwa nyayo na kwa pua. Wa pili ni yule atakayeinama kukisafisha kila siku, na katika nyumba nyingi za Nairobi huyo si mwenye mbwa, ni dada wa kazi. Choo kikimshinda mmoja kati ya hao wawili, hakitadumu.

Kwanza amua mwisho

Kabla hujatazama bei, jibu swali moja: mbwa huyu akifika mwaka mmoja, atakuwa anaenda haja wapi?

Jibu la kwanza ni nje, kwenye nyasi au udongo. Kama ndilo lako, choo cha ndani ni daraja la miezi michache tu. Jibu la pili ni ndani, au roshanini, maisha yake yote, kwa sababu ni mbwa mdogo, unaishi juu sana, au afya yako haikuruhusu kushuka ngazi mara nne kwa siku. Hilo nalo ni jibu halali. Kule Japani, mbwa wadogo wengi wa mijini huenda haja kwenye pedi za kufyonza ndani ya nyumba, na ni jambo la kawaida.

Shida ni kutojibu kabisa. Asiyejibu humfundisha kilebu kwa miezi minne kukojolea kitu laini ndani ya nyumba, halafu mwezi wa tano humgombeza kwa kukojolea kitu laini ndani ya nyumba. Katika kazi yetu hiyo ni sawa na mteja anayebadilisha masharti wakati programu imeshakamilika. Kila mmoja wetu anajua hasira yake. Sisi angalau tunaweza kutuma ankara ya ziada, mbwa hana pa kuipeleka.

Ipo sababu ya kweli ya kuanzia ndani hata kama mwisho wako ni nje. Ugonjwa wa parvo, uliotambuliwa mara ya kwanza mwaka wa 1978, huwashika zaidi vilebu, huwaharisha damu na kuwatapisha, na huwaua kwa siku chache. Virusi vyake hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Chanjo huanza kilebu akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na huendelea mpaka atimize wiki 16 au zaidi. Kabla ya hapo, ule uwanja wa chini ambako kila mbwa wa mtaa hupita si mahali pa kumshusha. Kwa hivyo choo cha ndani katika wiki hizo kina kazi yake, na asikucheke mtu.

Lakini usimfungie ndani kama mfungwa. Mwaka wa 2008 chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani wanaoshughulikia tabia kilitoa tamko kwamba vilebu waanze kuzoeshwa watu na mazingira kabla chanjo zote hazijakamilika. Mbebe mikononi. Aone matatu, asikie bodaboda, asalimiwe na watoto wa jirani. Asikanyage chini tu.

Mtumiaji wa kwanza: nyayo

Kilebu akizaliwa hawezi hata kukojoa mwenyewe, mama yake humlamba ndipo mkojo utoke. Akifika wiki ya 3 hivi huanza kujikokota kutoka mahali anapolala ili aende haja pembeni. Kufikia wiki ya 8 au 9, nyayo zake zimeanza kukariri. Kwake yeye, "chooni" ni aina ya kitu anachokikanyaga kuliko chumba au kona. Aliyekulia kwenye saruji hutafuta saruji. Aliyekulia kwenye nyasi hutafuta nyasi. Aliyekulia kwenye magazeti hutafuta gazeti, hata lile ambalo hujamaliza kulisoma.

Basi swali la kumuuliza aliyekuuzia ni hili: vilebu hawa walikuwa wanaenda haja juu ya nini? Kama ilikuwa maranda ya mbao, anza na trei ya maranda hata kama ulikuwa unaota nyasi, kisha ubadilishe polepole. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini huyu tayari amekunjwa kidogo na mtu mwingine, na ni vyema ujue amekunjwa upande gani.

Sasa tuviangalie vyoo vyenyewe kwa nyayo hizo.

1. Pedi za kufyonza. Ndani yake mna chembechembe za poliakrileti ya sodiamu, zile zile za nepi za watoto, ambazo hunywa maji na kugeuka jeli. Sakafu hubaki kavu na harufu hupungua. Lakini kwa nyayo za mbwa, pedi ni kitambaa laini. Mkeka wa bafuni ni kitambaa laini. Zulia ni kitambaa laini. Umeona tunakoelekea? Tena vilebu hupenda kuzichana na kuzitafuna, na plastiki na jeli zikimezwa kwa wingi huweza kuziba utumbo. Ukizitumia, zibane ndani ya trei yenye fremu, na kama trei ina wavu, matundu yake yawe madogo yasinase kucha.

2. Magazeti ya zamani. Hayafyonzi kama pedi, na wino huzipaka nyayo nyeupe za Spitz rangi ya makaa. Hata hivyo ni rahisi kupata, huuzwa kwa kilo, na ukiweka tabaka nyingi kwenye trei yanafanya kazi kwa wiki za mwanzo. Watu huyadharau kwa sababu hayana tangazo.

3. Nyasi halisi kwenye trei. Kwa mbwa ambaye mwisho wake ni nje, hiki ndicho choo ninachokipendelea, kwa sababu somo la ndani na somo la nje ni somo moja. Nyasi za Kikuyu, zilizopewa jina la Wakikuyu wa nyanda zetu za juu na ambazo leo zimeenea hadi Australia, huuzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara zikiwa zimekatwa vipande na udongo wake. Angalia uzito tu. Trei ya sentimita 60 kwa 90 yenye udongo wa sentimita 5 ina lita 27 za udongo, na udongo uliolowa huweza kupita kilo 40. Chagua vipande vyembamba vyenye mizizi mingi na udongo mchache. Nitrojeni ya mkojo itaziunguza nyasi na kuzigeuza manjano, hivyo utabadilisha mara kwa mara. Na trei isiwe na tundu chini. Jirani wa ghorofa ya nne ameanika shuka zake pale.

4. Nyasi za plastiki. Hizi zinapendeza sana kwenye picha. Mkojo hupita katikati na kukaa kwenye sehemu ya chini, na usipoziosha kila siku nyumba nzima itajua. Ukitumia lita 10 kuziosha, hiyo ni nusu ya mtungi wa lita 20 kila siku. Kwenye mtaa ambako maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, fanya hesabu hiyo kabla ya kulipa.

5. Maranda. Yanafaa kwa mbwa wadogo, hasa waliozaliwa kwa wafugaji wanaoyatumia. Hufyonza vizuri na hupunguza harufu. Ubaya ni kwamba husafiri, utayakuta kitandani. Na usiyamwage kwenye bustani ya sukuma wiki yakiwa na kinyesi, maana minyoo ya mbwa humwingia binadamu pia.

Vyovyote utakavyochagua, trei iwe pana kiasi kwamba mbwa mzima, si kilebu wa leo, anaweza kuzunguka duara kamili ndani yake. Mbwa huzunguka kabla ya haja kubwa, na trei ndogo humfanya amalizie nje ya ukingo. Iweke mbali na chakula na kitanda, kwa sababu kwa asili yake hapendi kuchafua anapolala na anapokula.

Mtumiaji wa pili: mikono

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hapa mtaka ni wewe na mwinamaji ni mwingine. Hapo ndipo penye jambo linaloniudhi.

Tufanye hesabu. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kilebu huweza kuzuia mkojo kwa saa zisizozidi umri wake wa miezi ukiongeza moja. Wa miezi 2, basi, saa 3 kwa juu kabisa, na akiwa anacheza ni chini ya hapo. Kwa siku ni mara 8 au zaidi. Pedi moja ikitumika mara mbili, ni pedi 4 kwa siku. Kuanzia wiki ya 8 hadi ya 16 ni siku 56, yaani pedi 224. Zidisha na bei ya dukani kwenu. Kisha jiulize ni nani atakayeziinamia hizo 224, atazifunga kwenye nini, na zitakwenda wapi.

Zamani jibu la "kwenye nini" lilikuwa rahisi, mfuko wa dukani. Tangu mifuko hiyo ya plastiki ipigwe marufuku nchini Agosti 2017, unahitaji mpango mwingine: gazeti, mfuko wa kaki, au ndoo yenye kifuniko. Kinyesi kigumu chenyewe kinaweza kumwagwa kwenye choo cha nyumbani cha maji. Pedi, gazeti na maranda haviendi huko, vitaziba bomba na utamtafuta fundi. Vinavyobaki huenda kwenye taka, na taka nyingi za Nairobi huishia Dandora, ambako watu huzichambua kwa mikono. Pedi iliyoachwa wazi na kinyesi ndani ina mtu atakayeishika.

Kwa hiyo kabla ya kununua, keti na dada wa kazi na umuulize. Anaweza kuibeba trei hii ikiwa imejaa? Atailaza wapi akiiosha? Maji yatatoka wapi? Kazi hii itachukua dakika ngapi kwa siku, na je, mshahara utapanda? Ndiyo, nimesema mshahara. Mkataba wake ulikuwa wa kupika, kufua na watoto. Mbwa ni kazi mpya, na kazi mpya ina malipo yake. Aliyeongezewa kazi bila kuulizwa ataifanya anavyoweza, halafu lawama itamwangukia kilebu.

Na kama ni Mwislamu, muulize kwa heshima zaidi. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pwani yetu, mbwa ni najisi nzito ambayo huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mtu anayeswali mara tano kwa siku si wa kuambiwa "ni kambwa kadogo tu". Akikataa, kazi ya trei ni yako, asubuhi kabla ya ofisi na jioni ukirudi. Ikiwa hutaki, basi hutaki mbwa.

Vipi kuhusu mashine?

Sasa tufike kwenye kitu ambacho wengi mlikuwa mnakingojea. Mashine hizi hufanya kazi hivi: kuna safu ya karatasi ya kufyonza iliyoviringwa upande mmoja. Mbwa hupanda, huenda haja, hushuka. Kihisi hutambua kwamba ameondoka, husubiri dakika kadhaa, kisha mota huvuta karatasi, huviringa ile chafu upande wa pili na kutandaza safi. Zenye programu hukutumia ujumbe kwenye simu.

Kama mhandisi naipenda. Ni kazi safi. Lakini kwa kilebu anayefundishwa, inatatua tatizo ambalo si lake, kwa sababu nne.

Kwanza, inafuta kumbukumbu kabla hujaisoma. Sisi waandika programu tunajua thamani ya rekodi za matukio: mfumo ukianguka, kitu cha kwanza ni kuangalia uliandika nini kabla ya kuanguka. Kinyesi cha kilebu ndiyo rekodi yake. Kikiwa chepesi ghafla, kikiwa na damu, kikiwa na minyoo kama tambi nyeupe, unajua leo na unampeleka kwa daktari wa mifugo leo. Kwa parvo, siku moja ni kubwa. Mashine inakiviringa na kukificha kwa sababu ndiyo kazi iliyotengenezewa.

Pili, mota ina sauti, na kitu kilicho chini ya nyayo kinatembea. Kilebu mwoga akishtuka pale mara moja, anaweza asipande tena.

Tatu, stima. Ikipotea, kifaa cha bei hiyo kinakuwa kipande cha karatasi chenye fremu. Na karatasi yake mara nyingi ni ya mtengenezaji mwenyewe, ya kuagiza kutoka nje. Ikikwama bandarini, mbwa wako hatangoja meli.

Nne, na hili ndilo kubwa, ule ujumbe wa simu unachelewa. Mbwa huunganisha tendo na tuzo ikiwa tuzo imekuja ndani ya sekunde moja au mbili. Ujumbe ukiingia wewe uko kwenye matatu Thika Road, utajua kwamba mbwa amekojoa mahali sahihi, na yeye hatajua kwamba umefurahi. Tuzo inahitaji mtu aliyesimama pale.

Sisemi mashine haina mahali. Mzee asiyeweza kuinama, au mtu mwenye ulemavu, mwenye mbwa mdogo mzima aliyekwisha kufundishwa, huyo mashine inamsaidia kweli kweli. Hapo mnunuzi na msafishaji ni mtu mmoja, na amejinunulia kitu kinachookoa mgongo wake. Kama unataka teknolojia kwa kilebu, weka kamera ya bei nafuu ili ujue saa anazoamka na kuhangaika mchana. Hiyo ni data ya kupangia ratiba.

Kazi yenyewe ni ratiba

Choo chochote kati ya hivyo bila ratiba ni samani tu. Ratiba yenyewe ni fupi, na nikiiandika kama programu ni hivi:

kama (ameamka AU amemaliza kula AU amemaliza kucheza) basi mpeleke kwenye trei;
kama (amekwenda haja kwenye trei) basi mpe kipande cha nyama HAPO HAPO;
kama (amekojoa kwingine) basi safisha, nyamaza, andika saa.

Mstari wa tatu ndio unaowashinda watu. Kumsugua pua kwenye mkojo au kumchapa humfundisha jambo moja tu, kwamba kukojoa mbele yako ni hatari. Baadaye utamweka kwenye trei naye atakutazama tu, mpaka uondoke, kisha atakwenda nyuma ya kochi. Amefuata somo lako vizuri sana.

"Andika saa" nayo si mzaha. Bandika karatasi kwenye mlango wa friji yenye safu tatu: saa, mahali, kubwa au ndogo. Kila aliye nyumbani aandike. Baada ya wiki moja utaona mwenyewe. Ajali tatu za saa kumi jioni zina maana kwamba saa kumi hakuna mtu anayempeleka. Hiyo ni hitilafu ya ratiba, na hitilafu hurekebishwa.

Kuhusu kusafisha ajali, tahadhari. Mkojo una amonia, na amonia ikikutana na Jik hutoa gesi inayochoma macho na mapafu. Fyonza mkojo kwanza, osha kwa maji na sabuni, suuza, ndipo utumie Jik ikihitajika, na usiichanganye na siki hata kidogo. Kwa harufu, dawa zenye vimeng'enya hufanya kazi bora kwa sababu huvunjavunja kile ambacho pua ya mbwa inakisoma. Dawa za kusafishia zenye amonia epuka kabisa, kwake ni kibao kilichoandikwa "choo".

Kwa waliochagua mwisho wa nje, chanjo zikikamilika sogeza trei kidogo kidogo kuelekea mlangoni, kisha beba kipande cha nyasi au gazeti lenye harufu yake ukaliweke pale nje unapotaka aende. Tuzo ya nje iwe kubwa kuliko ya ndani. Trei ya ndani uiondoe akiwa amezoea, usiiondoe kwa sababu umechoka nayo. Kwa waliochagua mwisho wa ndani na mbwa wao ni dume, jua kwamba kati ya miezi 6 na 12 ataanza kuinua mguu. Weka katikati ya trei chupa ya lita 5 iliyojaa maji, apate kitu cha kulenga. Haitakugharimu chochote, na ukuta utapona.

Uamuzi wangu

Kama mbwa ataishia nje, nunua trei pana ya plastiki isiyo na tundu na uweke nyasi halisi, au anza na kile alichokulia halafu uhamie kwenye nyasi. Kama ataishia ndani, nunua trei yenye fremu na pedi, ondoa mikeka midogo ya vitambaa nyumbani kwa miezi mitatu, na panga bajeti ya pedi kama unavyopanga ya stima. Kama huna hakika, tumia magazeti kwa wiki mbili huku ukiamua. Fedha zilizobaki kutoka kwenye mashine usiyonunua, lipa chanjo na dawa ya minyoo, na uongeze mshahara wa anayeinama.

Najua wapo watakaosema hapa nimewapinga wahandisi wenzangu. Hapana. Uhandisi huanza kwa kumuuliza mtumiaji, na mtumiaji wetu mmoja ana miguu minne na hajui kusoma ukurasa wa mauzo. Mwulize kwa lugha yake: weka trei mbili tofauti kwa siku tatu, uone anapanda ipi. Na yule wa pili, mwite jikoni umuulize kwa Kiswahili.

Mwenye njia nyingine iliyomfaa ghorofani, hasa Mombasa ambako joto linazidisha harufu, aniandikie. Wiki ijayo, hifadhidata. Safari hii kweli.